Jibu la Mama Fides

Tusekile alikuwa akichuma kahawa nyuma ya nyumba. Mtoto wake, Fides, alikuwa amelala mgongoni. Mara alisikia kikohozi njiani. Alikijua. Kilikuwa kikohozi cha baba mkwe wake, mzee Gwakisa.

Tusekile aliweka kikapu chini. Aliingia migombani, akageuka, akatazama upande mwingine mpaka mzee alipopita.

Ndiyo desturi ya Wandali wa milima ya Ileje. Mke wa mtoto haonani uso kwa uso na baba mkwe. Hasemi naye. Hata jina lake halitaji. Mzee naye hukohoa kabla ya kukata kona, ili mkwewe apate nafasi ya kupisha. Ni heshima, na katika nyumba ile kila mtu aliitunza.

Mume wa Tusekile aliitwa Anyitike. Alikuwa mbali, ng'ambo ya mpaka wa Tunduma, katika machimbo ya shaba ya Rodeshia ya Kaskazini. Alipoondoka, Fides alikuwa bado hajazaliwa. Sasa Fides alikuwa anatembea, na alikuwa na meno ya kuuma watu.

Siku hiyo barua ya Anyitike ilifika. Aliileta Hezron, mfanyabiashara wa maharage, ambaye huenda Tunduma kila wiki. Kama kawaida, barua ilikuwa ya baba. Mzee Gwakisa hakujua kusoma. Alimwita rafiki yake Zebedayo, nao wakakaa uani. Zebedayo alisoma kwa sauti. Tusekile alikuwa jikoni, mbali, kwa sababu ya heshima. Hakusikia neno.

Jioni alimwuliza mama mkwe wake, mama Nesta, "Mama, anasemaje?"

"Yu mzima. Anawasalimu wote."

"Hakuniambia kitu mimi?"

"Wewe si mmoja wa wote?" alijibu mama Nesta, akacheka. Hakuwa na nia mbaya.

Tusekile alicheka naye kidogo, kisha akainama kupuliza moto.

Baada ya siku tatu alikwenda mtoni kufua pamoja na Jenista, dada yake Anyitike. Jenista alikuwa msichana wa maneno mengi. Siku hiyo alikuwa kimya, akipiga nguo juu ya jiwe kwa hasira.

"Wifi, nguo hiyo imekukosea nini?" aliuliza Tusekile.

"Afadhali nguo. Nguo haina moyo mgumu. Kwa nini umemkataza kaka kurudi?"

"Mimi? Nimemkataza lini?"

"Usijifanye! Si aliuliza katika barua? Mkataba wake unakwisha mwezi wa nane. Mabwana wa mgodi wanataka aandike mwingine, wa miaka miwili. Kaka akasema, 'Mwulizeni mke wangu. Akitaka nirudi, nitarudi.' Na jibu limekwenda na Hezron, kwamba mkewe hana neno, abaki tu."

Sabuni ilimponyoka Tusekile. Ilikwenda na maji, na hakuna aliyeifuata.

"Jenista," alisema, "hakuna mtu aliyeniuliza."

Jenista alimtazama, akaona kwamba ni kweli. Akakaa juu ya jiwe lenye maji. "Wifi, nisamehe. Nilidhani mama amekuuliza."

Miaka miwili mingine! Fides atakuwa mtoto mkubwa, hajui hata sura ya baba yake. Na mumewe, huko aliko, atadhani mkewe hamtaki. Zilikuwa zimebaki wiki tano tu kufika mwezi wa nane.

Kila Jumanne na Ijumaa, baada ya kazi ya shamba, wanawake walijifunza kusoma kanisani. Aliyewafundisha ni Elizabeti, mke wa mwinjilisti. Tusekile alikuwa amejifunza kwa miezi saba. Ijumaa hiyo alibaki nyuma wenzake walipoondoka.

"Mama mwalimu, naomba uniandikie barua."

Alimweleza mambo yote. Elizabeti alisikiliza mpaka mwisho.

"Mkweo ni mtu mbaya?" aliuliza.

"Hapana! Mwaka jana upepo uling'oa paa la jiko langu. Asubuhi niliona mianzi mipya imewekwa nje. Alileta yeye, akaondoka kimya."

"Basi hakutaka kukudhulumu. Alikosa njia ya kukuuliza. Anaona unalima, unachuma, hulalamiki. Amefikiri kunyamaza kwako ni kukubali. Na mumeo akisoma jibu lile, atafikiri ni neno lako. Watu wote wa nyumba yenu wanapendana, mama Fides, na wote wanakosea."

"Nifanye nini sasa?"

"Mumeo amekuuliza wewe. Mjibu wewe."

"Basi tuandike leo, asijue mtu."

Elizabeti alitikisa kichwa. "Hapana. Barua ya siri ikijulikana, watu hawataulizana imesema nini. Wataulizana kwa nini ilifichwa. Mwambie mama mkwe wako kwanza. Usimlaumu mzee. Sema unalotaka tu. Tena mimi sikuandikii. Herufi zote unazijua."

"Mkono wangu ni mbaya."

"Mumeo hatafuti mkono mzuri. Anatafuta neno lako."

Haikuwa rahisi. Tusekile alirudi nyumbani, akapika, akaosha vyombo, akaviosha tena. Halafu akamfuata mama Nesta aliyekuwa akipembua ulezi. Alipiga magoti.

"Mama, nataka kumwandikia Anyitike."

Ungo ulisimama. "Kuandika? Watu watasema tumekutesa, unatushtaki kwa karatasi."

"Simshtaki mtu. Aliuliza kama nataka arudi. Nataka kumjibu."

"Baba yake amekwisha jibu."

"Ndiyo, mama. Lakini mimi sijajibu."

Mama Nesta alishika ungo tena. Nyuma ya ua wa mianzi, mtu alikohoa. Wote wawili walishtuka. Mzee Gwakisa alikuwa amekaa upande wa pili, akinoa shoka, naye alikuwa amesikia kila kitu. Tusekile alijifunika uso kwa kitenge.

"Mama Anyitike!" aliita mzee.

"Naam," alijibu mama Nesta.

"Mwulize mama Fides kama siku ile ya barua wewe hukumwuliza."

Mama Nesta akamgeukia Tusekile aliye mbele yake. "Anauliza kama sikukuuliza."

"Mwambie hukuniuliza, mama."

"Anasema sikumwuliza," alisema mama Nesta kwa sauti ndogo. "Na wewe mzee hukuniambia nimwulize! Uliniambia, 'Huyu ana neno gani?' Nami nikasema, 'Anafanya kazi vizuri tu.'"

Upande wa pili wa ua, mzee aliweka shoka chini.

"Ni kweli," alisema. "Mwambie hivi. Mimi namstahi, simtazami. Lakini nimejibu kwa kinywa chake bila ruhusa yake. Hilo halikuwa heshima. Aandike. Jumatano Hezron anakwenda Tunduma, nitampelekea barua mwenyewe."

Mama Nesta alifungua kinywa arudie maneno yale.

"Nimesikia, mama," alisema Tusekile, na machozi yakamtoka.

Aliandika kwa alasiri tatu. Alivunja ncha ya penseli mara mbili. Karatasi ya kwanza Fides aliitafuna. Barua yenyewe ilikuwa fupi:

"Anyitike mume wangu. Naandika mimi mwenyewe. Sikuulizwa, ndiyo maana hukupata neno langu. Usimkasirikie baba, tumekwisha elewana. Kazi naiweza. Lakini mwanao anamwita baba kila mwanamume anayepita. Nakutaka nyumbani. Tulime kahawa pamoja. Rudi. Mimi Tusekile."

Elizabeti alisahihisha herufi mbili tu. Alimwonyesha jinsi ya kuandika juu ya bahasha jina la mume, namba yake ya kazi, na jina la mgodi. "Ukikosea namba," alisema, "barua itazunguka kama kuku asiye na banda."

Wiki nne zilipita. Hezron akaleta bahasha nene. Ndani mlikuwa na barua mbili, moja ya baba na moja yenye jina la Tusekile. Siku hiyo Zebedayo alikuwa amekwenda Isansa kumtazama binti yake.

Mzee Gwakisa alikaa upande wake wa ua. Aliigeuza barua yake juu chini. Kisha akampa mama Nesta. "Mpelekee mama Fides. Asome hapo alipo, nami nitasikia."

Tusekile alisimama nyuma ya mianzi. Akaanza kusoma. "Kwa baba yangu mpendwa, mzee..." Akakwama. Jina la mkwewe lilikuwa limeandikwa pale, naye hawezi kulitaja.

"Mzee mwenyewe!" alidakia Jenista, na nyumba nzima ikacheka. Mzee naye alicheka mpaka akakohoa.

Tusekile aliendelea, neno kwa neno. "Nilipata barua yako, baba, nikahuzunika. Nikasema Jumatatu nitaandika mkataba mwingine. Jumamosi ikaja barua ya mke wangu. Wenzangu hapa walisema ameandikiwa, wake zao hawajui kuandika. Mimi nilijua ni mkono wake, maana umepinda kama wa mtu anayejifunza. Sikuandika mkataba. Narudi."



"Soma tena, mama," mzee alisema. Safari hii hakumwambia mkewe amwambie. "Hapo anaposema anarudi."

Anyitike alifika mwezi wa tisa. Yeye na Tusekile walipanda miche ya kahawa upande wa chini wa shamba. Mama Nesta akaanza kwenda kanisani Jumanne na Ijumaa, akidai anamsindikiza mkwewe tu.

Mwaka uliofuata alipita mtu wa kuandikisha vijana wa migodini. Alimkuta Anyitike uani na baba yake, akamtolea karatasi.

"Ngoja nimwulize mke wangu," alisema Anyitike.

Yule mtu alicheka. "Ndugu yangu, mwanamume mzima unaomba ruhusa jikoni?"

Anyitike alikwisha ondoka kuelekea shambani. Mzee Gwakisa alivuta kigoda, akakisogeza mbele ya mgeni.

"Kaa, bwana," alisema. "Hapa kwetu jibu hutoka kwa watu wawili. Litakuja."