Lango la Kaskazini

Zama zile jembe la chuma lilipokuwa mahari, na magobori machache yalipoanza kupanda bara kutoka pwani, nchi ya Ikombe ilipigana na Wasagali miaka mitatu. Vita vilipotulia, Mtemi Nyanzala, mwanamke aliyetawala kwa maneno machache, aliita baraza liamue ni pigano lipi lililogeuza vita. Jina la pigano hilo lingepewa ngoma kuu. Jemadari wake angekabidhiwa lango la kaskazini la Ikombe, linalotazama nchi ya Wasagali, alilinde yeye na uzao wake.

Walioshindania heshima hiyo walikuwa wawili. Nkingwa, mzee wa mvi, alivishika Visima vya Nsanga siku nne, akazika watu sitini, mdogo wake Lubeja akiwamo. Malundi, kijana mwenye kifua kipana, aliiteka Mhogolo, boma kuu la Wasagali, kwa asubuhi moja, na hakuna mtu wake hata mmoja aliyechubuka.

Hata kuchubuka! Neno hilo lilimkaa Nkingwa kooni kama mfupa. Siku mbili kabla ya baraza alishika mkuki wake, akaenda Mhogolo peke yake, akapita nyumba hadi nyumba. Vihenge vilikuwa vitupu, tena vimefagiliwa. Aliyekimbia kwa hofu hafagii ghala.

Kisha akayaona mawe ya kusagia. Askari wa Malundi waliyaruka bila kuyatazama, lakini Nkingwa alilelewa na bibi yake, kando ya jiwe. Katika nchi zile, mwanamke anayehama moja kwa moja hulipindua jiwe lake kifudifudi. Anayetoka kwa muda huliacha likitazama juu, huliwekea konzi ya mtama na kulifunika ungo, jiwe lisilale njaa. Nkingwa alifunua nyungo arobaini. Chini ya kila ungo palikuwa na mtama.

"Watu hawa wanarudi," akanong'ona. "Ni nani aliyewaahidi njia?"

Hakuwa na shahidi. Angemtuhumu shujaa wa nchi kwa konzi za mtama, watu wangesema ni kijicho cha uzee.

Siku ya baraza Malundi alikuja na ngozi ya chui begani na vikuku vya shaba mpaka kiwikoni.

"Jamani, mnalinganisha nini na nini?" alicheka. "Huyu alilinda ndoo, mimi nimetwaa boma. Shujaa wa kata huyo, mchoteeni maji anywe!"

Watu wakaangua kicheko.

"Maji hayo, mwanangu, Wasagali waliyakosa mwezi mzima," Nkingwa akajibu. "Uliwakuta wamekwisha nguvu. Kama uliwakuta."

"Una maana gani, mzee?"

"Nkingwa," Mtemi akakatiza, "sema unachotaka."

Nkingwa akawatazama wajane wa Nsanga. Mke wa Lubeja alikuwa mbele, akingoja kusikia jina la mahali alipolala mumewe.

"Mtemi, ngoma iitwe Mhogolo," akasema. "Jina, ng'ombe na sifa, vyote ni vya Malundi. Mimi nipe lango tu."

Mjane akainamisha kichwa. Kicheko cha Malundi kikakatika.

"Lango huenda na ngoma!"

"Ichukue ngoma, mwanangu. Si ndiyo uliyoitaka?"

"Basi ngoma apewe yeye!" Malundi akasimama, vikuku vikigongana. "Iiteni Nsanga, iiteni ndoo, sijali! Mimi nipeni lango!"

Mtemi akamkazia macho.

"Tangu vita vitulie umeililia ngoma hii, Malundi. Leo unaitupa kama ganda la muwa." Akawageukia wazee. "Ngoma ni Mhogolo. Lango ni la Nkingwa."

Alfajiri ya tatu Wasagali walikuja wakitembea wazi, kama wageni walioahidiwa lango wazi. Walikuta lango limezibwa kwa miiba, na juu ya boma pinde mia tatu zimevutwa. Walisimama mpaka jua likawa kali, kisha wakarudi walikotoka. Malundi hakuonekana tena Ikombe.

Hata leo wapo wanaobishana, Nsanga au Mhogolo. Asubuhi ile ya langoni haina jina, kwa kuwa hakuna mshale uliorushwa.

Kila mavuno, ngoma ya Mhogolo ilipolia na watu wakicheza, Nkingwa alibaki langoni, akilitikisa komeo aone kama limekaza. Mjane wa Lubeja naye hakucheza. Alikuja na kata ya maji, akampa shemeji yake anywe kwanza, kisha akamimina yaliyobaki ardhini na kulitaja jina la Nsanga.