Uso wa Bibi Mwanne

Ilikuwa mchana, jua kali tu, miaka ile ya Zaire. Kaka yangu Augustin alikuwa amekalia kiti cha bosi wake kwenye biro, ofisi ndogo karibu na bandari, akijisifu. Shule aliiacha mapema, sawa, lakini Kalemie nzima nani mwingine alijua kushika ordinateri, hiyo kompyuta? Mashini ile haikujua kuchora, ilijua herufi tu. Basi Augustin alizipanga herufi ziwe sura: penye weupe anaacha wazi, penye weusi anachapa mstari uleule mara mbili, wino juu ya wino. Ukisimama mbali, unaona muntu.

Mama Husseini akaingia na picha ya marehemu mama yake, binti yake mchanga mgongoni. Alitaka karatasi ya matanga.

"Andika jina la bibi mara moja tu," alinong'ona. "Huyu mutoto njo amelirithi. Tukiliitaita mbele ya matanga kuisha, bibi atakuja kumuchukua."

"Eh, Mama! Hii mashini ya Wazungu inajua mizimu?"

Na kwa ujuaji wake, uso mzima akaujaza jina lile: MWANNE MWANNE MWANNE. Akabonyeza.

Mashini ya kuchapa ikaanza kukwaruza. Nywele. Paji la uso. Mtoto akaacha kunyonya kidole.

Yakaja macho. Kwenye picha, bibi alitazama pembeni. Kwenye karatasi alimtazama mtoto.

"Mwanangu," mama alinong'ona, "amekuwa baridi. Simamisha."

Augustin akachomoa waya. Kioo cha ordinateri kikabaki kinawaka. Pua. Mashavu. Akafuta jina. Likarudi. Akafuta tena. Likarudi.

Mtoto hakupumua.

Majigambo yakamwisha. Augustin akaandika jina lake mwenyewe juu ya lile la bibi.

Likakaa.

Mdomo ukachapwa kwa jina lake. Ulikuwa unacheka.

Mashini ikasimama. Mtoto akapiga chafya, akaangua kilio. Mama alikimbia naye bila kugusa karatasi.

Binti yule leo ni mzima, na mdomo wake mchafu kunishinda mimi. Lakini kaka yangu, mwite Augustin hata sikioni, hasikii kitu. Sema "wewe", anageuka.

Mashini ile ya kuchapa waliitupa depo, stoo ya vitu vibovu, haina hata waya. Siku moja mimi, ambaye siogopi muntu, nilisimama mlangoni pa depo nikaita kwa utani: "Augustin!"

Ndani, kitu kikakwaruza mstari mmoja.