Faili la Bwana Mfano

"Nakwambia mtu huyo hayupo!"

"Hayupo, na nimetoka kuzungumza naye sasa hivi?" Nesi alipiga karatasi mezani. "Wewe mtoto, usinichezee. Nina kazi tele."

"Dada, nisikilize. Jina hilo nililitunga mimi."

"Basi hilo ulilolitunga limeniuliza kama nimekunywa chai."

Karani hakucheka. Kwenye karatasi ile kulikuwa na majina arobaini na mawili. Asubuhi hiyo kompyuta ya kliniki ilikuwa imepekua rekodi za wagonjwa wote na kumchomoa kila mtu ambaye sukari yake ilikuwa imepanda mara mbili au zaidi bila yeyote kushtuka. Kazi ya Nesi ilikuwa kuwapigia simu, waje watibiwe kabla hawajapoteza miguu na macho. Karani aliipenda kazi hiyo kuliko zote, kwa sababu mama yake mwenyewe aligundulika akiwa amechelewa. Mama alikuwa na kidonda kwenye unyayo wa kulia. Karani alikuwa amekisafisha kila asubuhi kwa miezi saba. Daktari alishasema, kisipofunga mwezi huu, mguu unakatwa.

Jina la mwisho kwenye orodha lilikuwa Bwana Mfano.

Kompyuta zilipoletwa, mwalimu aliwataka wafanyakazi watunge kila mmoja mgonjwa wa kujifunzia, kisha wamfute. Karani alikuwa amechoka siku ile. Alinakili faili lote la mama yake: nyumba, namba ya simu, sukari, kidonda. Akabadilisha jina tu, akaandika mwanamume. Halafu akaanza mchezo. Akaandika kwamba mguu wa kulia umekatwa, kisha akafuta, akaandika mzima. Akaandika kwamba jicho la kushoto halipo, akafuta, akaandika zima. Yeye na Nesi walicheka mpaka machozi yakawatoka.

Kumfuta mgonjwa mwenyewe, alisahau.

"Namba uliyopiga ni ya mama yangu," alisema sasa, kwa sauti ya chini.

"Basi mama yako ana sauti ya dume zima."

"Alisemaje?"

Nesi aliitazama tena karatasi. "Alisema, 'Asanteni kwa kuniita. Nilikuwa nangoja.'"

Karani alipiga namba ileile. Mama yake akapokea upesi. Hapana, simu haikuwa imelia tangu kulipopambazuka. Mguu? Mguu ulikuwa unauma. "Uje mapema leo, mwanangu," alisema mama.

Saa nne hivi, harufu ikaanza. Ilikuwa harufu ya matunda yaliyooza ndani ya mfuko uliofungwa, tamu ya kutapisha. Wagonjwa waliokaa kwenye mabenchi walijiziba pua na kutazamana, kila mmoja akimshuku jirani yake. Kisha mlio ukasikika koridoni. Gongo, halafu mguu. Gongo, halafu mguu.

Aliyeingia alikuwa mrefu, shati lake limepigwa pasi vizuri. Suruali upande wa kulia ilikuwa imekunjwa chini ya goti na kubanwa kwa pini. Mahali pa jicho la kushoto hapakuwa na kovu wala shimo. Palikuwa na ngozi tupu, laini, kama kisogo cha mtoto mchanga.

"Mmeniita," alisema.

"Jina, baba?" Nesi aliuliza kwa mazoea.

"Mnalo. Soma hapo kwenye mashine yenu. Mguu wangu wa kulia umeandikwaje?"

"M... mzima."

"Na jicho?"

"Zima."

Mgeni alitikisa kichwa polepole. "Nilikuwa nazunguka, sina jina wala nyumba. Mkaniandikia jina. Mkanipa nyumba. Mkanikata mguu, mkanitoa jicho, mkacheka. Halafu mkaandika kwamba niko mzima. Haya, nimekuja kuvichukua mlivyoniandikia."

Mlinzi alifika mbio. Alikuwa mtu wa mizaha, hata wagonjwa wa homa aliwachekesha. "Mzee wangu," alisema, akimshika mgeni bega, "hapa hata mwenye mguu mmoja anapanga foleni. Twende nje tukaongee kiume."

Mgeni aliliachia gongo lake, na hakuanguka. Aliinama, akalishika goti la kulia la Mlinzi kwa mkono mmoja kama mtu anavyoshika hindi kwenye bua, akalizungusha mara moja, na mfupa ukalia kiasi kwamba watu waliokuwa kwenye dirisha la dawa waligeuka, akalizungusha mara ya pili, na nyama ikaachia, na damu ikaruka ukutani, ikaruka kwenye orodha ya majina na kwenye gauni jeupe la Nesi, huku Mlinzi bado ana lile tabasamu lake usoni kwa sababu maumivu yalikuwa hayajamfikia. Kisha yakamfika.

Mgeni aliubandika mguu ule, na kiatu chake, kwenye goti lake mwenyewe. Ukashika kama unga unavyoshika maji. Akakanyaga chini mara mbili, kuujaribu.

Watu walikimbia wakikanyagana. Nesi naye alikimbilia mlango wa nyuma, lakini alidakwa nywele, akabamizwa kwenye kabati la dawa mpaka vioo vikamwagika, akainuliwa, na dole gumba lenye damu likawekwa juu ya jicho lake la kushoto.

"Una macho mazuri, dada," alisema mgeni.

"Mfute!" Nesi alipiga kelele. "Mfute, mtoto wewe, mfute!"

Karani aliruka juu ya Mlinzi aliyekuwa akigaragara, akaifikia kompyuta, akalifungua faili la Bwana Mfano kwa vidole vilivyoteleza kwa damu, akabonyeza kufuta, na badala ya kufuta, maandishi yakatokea: Mgonjwa huyu anafanana na mgonjwa mwingine kwa nyumba, kwa simu na kwa kidonda. Rekodi hizi mbili ziwe moja? Akabonyeza hapana, maandishi yakarudi, akabonyeza hapana tena, yakarudi tena, na nyuma yake Nesi hakuwa anapiga kelele tena bali alikuwa analia kama mbuzi aliyeshikwa shingo. Itabaki rekodi moja, Karani alijiambia, na itabaki ya mama, kwa sababu mama ndiye wa kweli, mama ndiye mtu, na huyu si kitu. Akabonyeza ndiyo.



Nesi alianguka chini, jicho limevia damu lakini bado lipo. Mgeni hakuwapo. Gongo lake lilikuwa pale pale sakafuni. Daktari alikuja mbio, akamfunga Mlinzi paja kwa mkanda, akauliza mguu uko wapi, pengine utashonwa. Waliutafuta chini ya mabenchi, nyuma ya kabati, hata nje. Haukuonekana.

Karani aliitazama skrini. Orodha ilikuwa na majina arobaini na moja, na Bwana Mfano hakuwamo. Akashusha pumzi. Kisha akalifungua faili la mama yake, akasoma mstari mmoja tu.

Kidonda: hakuna. Mguu wa kulia: mzima.

Alikimbia njia nzima bila kuwajibu waliomuuliza ile damu ni ya nani. Harufu ilimpokea kabla hajafika kibarazani. Akagonga. Ndani, mtu aliyekuwa hajatembea bila kushikiliwa kwa miezi saba alikuja mlangoni kwa hatua nzito, kandambili, kiatu, kandambili, kiatu. Komeo likavutwa. Mlango ukafunguka kiasi cha kuonyesha nusu ya uso, ile ya kulia, na chini yake kiatu cheusi cha Mlinzi.

"Karibu, mwanangu," alisema mama, kwa sauti yake ileile ya siku zote. "Mguu umepona. Limebaki jicho tu."