Siri ya Siku Tatu

Nyumbani kwao kulikuwa na chumba kimoja ambacho hata mbu alitakiwa kuingia kwa adabu. Hicho kilikuwa chumba cha kazi cha mjomba. Kuta zake zilifunikwa magodoro makuukuu ili sauti isirudi, mezani kulikuwa na kompyuta na maikrofoni, na mlangoni palibandikwa karatasi yenye maandishi mekundu: NAREKODI. Mjomba alikuwa mtafsiri wa filamu. Alizichukua filamu za nchi za mbali akazisema upya kwa Kiswahili, peke yake, sauti zote: za majambazi, za mabibi harusi, hata za mbwa.

Baada ya shule, mabinti wawili wa dada yake walimsaidia kubandika lebo kwenye diski. Mkubwa alikuwa na miaka kumi na minne, mpole, mwenye maneno ya kuhesabu. Mdogo alikuwa na miaka kumi na miwili na wote walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukuwa na breki. Ukimwambia siri asubuhi, mchana imeshafika kwa muuza mkaa. Watu walimtania, naye akacheka pamoja nao, lakini moyoni jina hilo lilimchoma.

Ilikuwepo filamu moja waliyoirudia mpaka wakaikariri. Msichana wa umri wao anapata hedhi kwa mara ya kwanza. Anajifungia stoo, anang'ata kitambaa ili asilie, na anamwambia rafiki mmoja tu, ambaye anaapa kutosema. Siku ya tatu anatoka, nywele amezichana, na kila mtu anamsalimu kwa heshima. Hapo mjomba alisema kwa sauti nzito, "Msichana anayekua hulia ndani kwa ndani." Kila walipoisikia sentensi hiyo walisisimka.

Alhamisi jioni, dada mtu aliacha chakula, akamvuta Chiriku chumbani na kufunga mlango.

"Nadhani imeanza," alinong'ona.

"Nini?"

"Hedhi. Tumbo linanikata hapa kwenye kitovu."

"Tumwambie mama?"

"Thubutu! Usimwambie mama wala mjomba. Siku tatu tu, kama yule kwenye filamu. Haya, apa."

Chiriku aliapa. Tangu azaliwe hakuna mtu aliyewahi kumkabidhi siri kubwa namna hiyo. Usiku huo alilala huku anatabasamu.

Ijumaa maumivu yalishuka upande wa kulia. Dada yake alitapika mara mbili, akatembea amepinda. Mama yao alikuwa fundi wa mikate. Aliondoka kabla ya jua na kurudi jioni amechoka, unga mpaka kwenye nyusi.

"Mbona umekunjamana hivyo, mwanangu?" aliuliza.

"Nimechoka tu, mama."

Mama alimtazama kwa muda. Ilionekana kama kuna neno alitaka kulisema, kisha akalimeza. "Haya, lala mapema," alisema, akaenda kuoga.

Chiriku alimgeukia dada yake. "Lakini damu iko wapi? Na yule wa filamu hakutapika."

"Itakuja. Kila mtu na mwili wake. Nyamaza!"

Jumamosi asubuhi mama alikuwa kazini. Mgonjwa alilala amejikunja, shuka limelowa jasho. Kila gari lilipopita barabarani na kitanda kutikisika, aliuma meno. Chiriku alimshika mkono akaukuta moto kama kikaango. Alitamani kulia, lakini alijikaza. Kiapo ni kiapo.

Ilipokaribia saa tano, ghafla dada yake alinyoosha miguu. "Limeacha," alisema kwa mshangao. "Chiriku, limeacha! Siku ya tatu, si nilikwambia?"

Wote wawili walicheka kwa furaha. Chiriku alikimbilia kitana, akaanza kumchana nywele ili atoke nje kama mtu mzima. Lakini kabla hajamaliza upande mmoja, dada yake alimshika mkono kwa nguvu. Maumivu yalikuwa yamerudi, na sasa yalienea tumbo zima. Tumbo lenyewe lilikuwa gumu kama ubao. Midomo yake ilipauka.

"Namwita mjomba," Chiriku alisema.

"Ukisema..." Dada yake alihema. "Ukisema, sitakuambia neno tena maisha yangu yote."

Chiriku alitoka mpaka mlangoni kwa mjomba, akasimama mbele ya yale maandishi mekundu. Ndani, mjomba alikuwa akitoa sauti nyembamba ya bibi harusi. Akisema, atampoteza dada yake, na watu watarudia yaleyale, kwamba Chiriku ni Chiriku tu. Asiposema, je? Kutoka chumbani alisikia mlio mdogo, kama wa mtoto mchanga. Alipiga moyo konde, akasukuma mlango.

"Wewe!" mjomba alifoka. "Huoni karatasi? Nilikuwa namalizia!"

"Mjomba, dada..." Ulimi ulimwia mzito. Vipi atamke neno lile mbele ya mjomba? Akalitamka. "Dada anaumwa tumbo siku ya tatu leo. Tulidhani ni hedhi. Lakini damu hakuna, anatapika, anachemka, na sasa hata kuongea hawezi vizuri. Ameniapisha nisiseme. Mjomba, njoo!"

Mjomba hakuuliza la pili. Alivua vipokea sauti, akambeba mgonjwa mikononi na kutoka naye barabarani akipungia teksi. Ndani ya teksi, kila walipoingia kwenye shimo, msichana alipiga kelele, na mjomba akamwomba dereva radhi na haraka kwa wakati mmoja.

Hospitalini daktari, mwanamke mfupi mwenye miwani, alibonyeza tumbo upande wa kulia kisha akaachia. Ukelele wa mgonjwa ulisikika mpaka nje.

"Yalianza lini?"

"Alhamisi," Chiriku alijibu.

Daktari alitikisa kichwa. "Ni kidole tumbo, na nadhani kimeshapasuka. Usaha ukisambaa tumboni, unaua. Tunampasua sasa hivi. Mama yake yuko wapi?"

Mjomba alimpigia simu, na mama alifika mbio, aproni kiunoni, unga mpaka viwikoni. Alitia saini na kidole chake kikaacha alama nyeupe kwenye karatasi. Mlango wa chumba cha upasuaji ukafungwa, wakabaki watatu kwenye benchi.

"Siku tatu!" mama alisema. "Mko na mimi nyumba moja. Kwa nini hamkuniambia?"

Chiriku aliinamisha kichwa. "Yule wa kwenye filamu hakumwambia mtu. Alilia ndani kwa ndani. Tulijua ndivyo msichana anavyokua."

Mjomba alifuta uso kwa kiganja.

"Dada," alimwambia mama, "filamu ile haiko hivyo. Usiku wa kwanza yule msichana anafungua mlango wa stoo na kumwita mama yake. Wanakaa, anaelezwa kila kitu, mpaka wanacheka. Dakika kumi nzima. Nilizikata."

"Ulizikata?"

"Wateja wanataka ngumi na magari, maongezi yanawachosha. Na mimi mwenyewe niliona haya kuyasema maneno yale kwenye maikrofoni. Hiyo ya kulia ndani kwa ndani niliitunga mimi, ili kuziba pengo."

Mama alimgeukia kwa hasira, mdomo wazi, tayari kumshushia maneno. Kisha mabega yake yakalegea.

"Nitakulaumu vipi?" alisema taratibu. "Mwaka mzima nimekuwa nikijiambia nitakaa na huyu mtoto nimweleze. Jana nilimwona amepinda, nikahisi ndiyo yale mambo. Nikaona aibu, nikaenda kuoga. Na mimi nilikata za kwangu."

Waliketi pale kwa muda wa saa mbili na nusu.

Daktari alipotoka alikuwa amevua barakoa. "Yupo salama. Tumemsafisha tumbo, atakaa hapa wiki moja. Mngemleta jioni, ningewaambia mengine. Nani aligundua hali imebadilika?"

Mjomba alimnyooshea kidole Chiriku.

"Kumbe kuna mwenye akili katika familia hii," daktari alisema, akaenda zake.

Jumapili alasiri mgonjwa alifumbua macho, safari hii yakiwa maangavu. Chiriku alisimama miguuni pa kitanda, hathubutu kusogea.

"Ulisema?"

"Nilisema."

"Kwa mama?"

"Kwa mjomba kwanza. Na dereva wa teksi alisikia. Na daktari."

Dada yake alifumba macho. "Mungu wangu. Dereva wa teksi!" Alitaka kucheka, mshono ukamvuta, akanyoosha mkono. Chiriku aliukamata, na machozi aliyoyazuia siku nne yakamtoka.

Mama aliketi ukingoni mwa kitanda. "Nisikilizeni wote wawili," alisema. "Kukua si siri, wala kuumia kimyakimya si ukubwa. Filamu na vitabu hutungwa na watu, na watu huacha mambo, wengine kwa aibu, wengine kwa biashara. Msiupime mwili wenu kwa picha. Mwili ukiwaambia kuna jambo, mwambieni mtu mzima siku hiyohiyo. Na kama mtu aliwaapisha mnyamaze huku maisha yake yako hatarini, kiapo hicho kivunjeni. Kwa kufanya hivyo mtakuwa mmempenda."

Chiriku alifuta pua. "Sasa mama, hedhi yenyewe hasa ikoje? Inauma kiasi gani? Na damu inatoka siku ngapi?"

Mjomba alikohoa, akanyanyuka na kuanza kuitafuta kofia yake.

"Unakwenda wapi?" mama alimuuliza. "Kaa chini. Haya ninayowaeleza sasa utayarudia kwenye maikrofoni yako, na hutakata hata neno moja."

Mjomba akakaa.