Ini la Pelasgo

Lakrati alikuwa na mdomo mrefu kuliko fimbo yake ya kuchungia, na mimi simlaumu. Sisi watu wa milima ya Arkadia hatukuumbiwa unyenyekevu. Babu yetu Pelasgo hakuzaliwa na mwanamke. Alichipuka udongoni, mwezi wenyewe haujaonekana bado. Kama ukoo wenu una babu wa hivyo, mlete tumwone.

Asubuhi ya kisa hiki ilikuwa kama nyingine zote. Mjomba wa Lakrati, Damoni, mlinzi wa kaburi la Pelasgo, alichinja kondoo mweusi, akamimina damu kwenye tundu la kaburi. Nyama ikachomwa, ikaliwa palepale. Hata mfupa hauruhusiwi kuvuka ukuta wa kaburi.

"Mkeo anaendeleaje?" Damoni akauliza.

"Mimba ya miezi minane, na tangu mbuzi wafe Filista anakula matunda ya mwaloni tu, kama nguruwe. Mtoto atatoka kijiti, mjomba. Nipe kipande nimpelekee."

"Aje ale hapa."

"Apande mlima na miguu iliyovimba vile?"

"Basi asile. Chakula hiki kina mwenyewe. Kinakokwenda, naye huenda."

Lakrati akacheka. "Pelasgo kabaki mifupa. Atatembelea nini?"

Damoni alipoinama kufukia moto, ini la kondoo lililobaki likazama ndani ya mkanda wa Lakrati.

Nyumbani Filista alilila lote, akalamba vidole. "Leo ndiyo nimeolewa," akamtania. Lakrati akavimba kichwa.

Jua lilipofika utosini, Filista akamwita kwa sauti ya chini.

"Hapa sakafuni palikuwa na tundu?"

Hapakuwa. Sasa lilikuwepo, kando ya meko, upana wa ngumi, ukingo umelainika kama wa kaburini, kama lililomiminiwa damu miaka na miaka.

Lakrati akamwaga majivu. Likameza. Akamwaga maji. Likameza. Akasukumia jiwe la kusagia juu yake.

"Mtoto amenyamaza," Filista akanong'ona.

Lakrati akamwekea mkono tumboni. Kimya.

Chini ya jiwe kitu kikagonga. Mara mbili za haraka. Moja ya kuchelewa.

Filista akaziba mdomo. Teke hilo alilijua. Alikuwa amelala nalo miezi mitatu.

Lakrati akatazama mkono wake. Tumbo lilikuwa likishuka chini yake, taratibu, hadi likawa bapa. Hakuna damu. Hakuna uchungu.

Alikimbia mlimani akarudi na Damoni. Mzee akaliondoa jiwe, akatega sikio, kisha akaomba jogoo na kisu.

"Tunamlisha nani, mjomba?" Lakrati akauliza. "Yeye, au mwanangu?"

Damoni akamchinja jogoo, akamimina damu tunduni.

Lakrati alikufa zamani. Filista angali hai, na kila asubuhi analisha tundu lile. Nimeingia nyumba ile mwenyewe, mimi siogopi kitu, ingawa sikukaa. Kwenye udongo wa ukingo, upande wa ndani, pana alama ya kiganja. Kila mavuno bibi yule huweka kiganja chake juu yake kuipima.

Mwaka huu imemzidi.