Fungu la Marehemu

Siku ya thelathini, jua lilipoanza kuzama nyuma ya mlima, Ornella alichukua tochi, kitambaa na kopo la dawa ya nywele, akaenda kulitazama lile bakuli. Ndiyo kazi aliyopewa. Wenzake walipanga taa na kushona kanzu. Yeye alilinda chakula kioze vizuri.

Walikuwa wakirekodi tamthilia ya mauaji. Bruda Teobaldo, mtawa mzee wa enzi za kale, analishwa sumu mezani, na mabruda wenzake wanaanza kutazamana kwa jicho la pembeni. Monasteri yenyewe ilikuwa ya kweli, juu kabisa milimani, bila mtawa hata mmoja tangu zama za babu yake Ornella. Na Teobaldo aliigizwa na baba yake mzazi, mzee Gualtiero, ambaye kwa miaka sita hakuna aliyemwita kuigiza hata sauti ya mbwa. Tangu mama afariki, Ornella hakuwa na mtu mwingine duniani. Alimwombea nafasi hii ili mzee apate sababu ya kuamka asubuhi.

Watu wa kamera walimpenda. Kwa kuwa alikufa sehemu ya kwanza tu, na baada ya hapo kazi yake ikawa kulala kwenye jeneza kanisani, walimbandika jina.

"Marehemu, kahawa tayari!"

"Marehemu, sogea bwana, unaniziba taa!"

Mzee alicheka hadi akakohoa. Ornella utani ule haukumkaa vizuri.

Habari ya fungu ililetwa na mama Elide, mtunza funguo za monasteri. Zamani, alisema, mtawa akifa humu, kiti chake mezani hakikuondolewa kwa siku thelathini. Alipakuliwa chakula chake kama kawaida, msalaba mdogo wa mbao ukawekwa mbele ya bakuli, na kila jioni fungu hilo likapelekwa langoni, akapewa mwenye njaa.

Mwongozaji, bwana Fosco, alipiga meza kwa furaha.

"Tuliweke! Ila tusilitoe. Lioze hapo hapo, kamera inalitazama. Watazamaji watatapika sebuleni kwao!"

"Si la kuachwa, bwana," Elide alisema. "Lisipotoka langoni, mwenyewe huja kulila."

"Mwenyewe si yule pale, mama, anakunywa kahawa?"

Wakaangua kicheko wote. Hata mzee.

Yakawekwa maharage yaliyopikwa na ngozi ya nguruwe, na kipande cha mkate. Wiki ya kwanza mchuzi ulifunga utando mweupe. Ya pili ukaota ukungu wa kijani wenye manyoya. Ya tatu ile ngozi ya nguruwe ikaanza kutembea... Funza walikuwa wameijaa. Ornella alibana pumzi, akapuliza dawa ya nywele ili ute ule ung'ae mbele ya kamera, akapangusa ukingo wa bakuli. Harufu ilimfuata hadi kitandani. Ilikaa kwenye nywele zake, ikakaa kwenye mto. Alimchukia Fosco, akayachukia maharage, akajichukia mwenyewe kwa kukubali. Mchana hakuweza kutia kitu mdomoni.

Siku tano zilizopita aliona fungu limepungua.

"Panya," Fosco alisema.

Lakini panya hafuti bakuli kwa mkate. Mle ndani mlikuwa na njia safi, imezungushwa vizuri, kama anavyofuta mtu aliyenogewa.

Na mzee naye alikuwa ameacha kuja kwenye hema la chakula. "Nimeshiba, mwanangu," alisema kila akiulizwa, huku mashavu yakizidi kubonyea. Pumzi yake ilinuka. Ornella alidhani ni meno, akamnunulia pipi za mnanaa.

Sasa alisukuma mlango wa ukumbi wa kulia. Kazi ya siku ilikwisha saa nzima iliyopita, wote walikuwa hemani. Ndani kulikuwa kimya.

Si kimya kabisa.

Nyaf... nyaf... nyaf...

Akamulika. Kwenye kiti cha Teobaldo alikaa mtu mwenye kanzu ya kitawa, amempa mgongo.

"Baba?"

Akageuka taratibu. Ndevu zilikuwa zimelowa ute wa kijani. Funza mmoja alikuwa akipanda pembeni mwa mdomo, na ulimi ukatoka kumfuata.

"Shhh," mzee alinong'ona. "Humu hatusemi wakati wa kula."

"Baba, hicho kimeoza!"

"Ni fungu langu. Kila siku wananiita... kila siku wananipakulia... Ningekataaje?"

Ornella alimkamata mkono. Ulikuwa baridi kuliko meza. Akatafuta mshipa. Akatafuta tena.

Hakuna kilichodunda.

Akalipokonya bakuli na kukimbia. Elide alikuwa langoni na funguo zake. Alipoona bakuli alielewa.

"Leo ya ngapi?"

"Ya thelathini."

"Likilala ndani leo, baba yako hatoki tena."

"Nimpe nani?" Ornella alilia. Barabara ilikuwa tupu, na kijiji kilikuwa mwendo wa dakika arobaini. Nyuma ya mlima jua lilibakiza ukucha tu.

"Mwenye njaa yeyote. Nje ya lango." Elide alimtazama. "Wewe umekula leo?"

Ornella alilitazama bakuli. Hakuwa amekula tangu juzi.

Mama yule hakumhimiza. Alilifungua tu lango, akalishikilia.

Ornella alivuka, akapiga magoti kwenye kokoto, akatia vidole ndani ya bakuli. Chakula kilikuwa vuguvugu. Kilikuwa kinasogea. Utelezi ulishuka kooni pamoja na uchungu wa dawa ya nywele. Vitu vidogo vilipasuka chini ya meno yake. Tumbo lilikirudisha mdomoni. Akakimeza tena. Akalia, akatafuna, akawaza jina la baba yake, akafuta bakuli kwa ule mkate hadi likatakata.

Jua likazama.

Kutoka ukumbini kikasikika kikohozi, kisha mtu akitapika kwa nguvu, kisha sauti ya mzee imejaa hofu ya kawaida kabisa: "Ornella! Nani kazima taa?"

Akacheka huku analia. Elide alilichukua bakuli kwa pindo la aproni yake, bila kuligusa kwa mkono.

"Mama, si yamekwisha?"

"Fungu lililopelekwa safi, najua huishia hapo," Elide alisema taratibu. "Ambalo marehemu ameshalitia mdomo... hilo bibi zetu hawakutuambia."

Asubuhi mzee Gualtiero alikula mayai mawili na mkate, mashavu yakiwa yamerudiwa na rangi. Mtu wa taa akapaza sauti, "Marehemu, habari za—"

"Anaitwa Gualtiero!" Ornella alifoka.

Mzee akatabasamu, akainama kumbusu binti yake shavuni. Kabla hajafika akarudi nyuma, amekunja pua.

"Mwanangu... umekula nini?"

"Bado sijala, baba."

Walimsogezea kahawa ya moto na mkate wa siagi. Alinusa, akasikia harufu ya majivu, akavisukuma kando. Nyuma ya hema pipa la makombo ya wiki nzima lilikuwa wazi, nzi wakilizunguka. Upepo ukageuka.

Mate yakamjaa mdomoni.