Shukrani ya Mama Liévin

Mama Liévin alikuwa anasonga bukari, lakini mawazo yake hayakuwa kwenye sufuria. Ijumaa mwanawe Liévin angepanda ndege kwenda Ulaya kulinda maghala ya jeshi, katika vita vya watu wengine visivyojua kuisha. Mshahara ulikuwa mnono. Jumapili iliyopita mama huyu alisimama kanisani, akamshukuru Mungu mbele ya waumini wote. Walimpigia vigelegele. Tangu siku hiyo usingizi ulimpaa.

Jirani yake, Mama Osée, aliingia amevaa nguo nyeusi, kama kila siku.

"Karibu, tukule," Mama Liévin alimwambia.

"Sikukuya kukula, dada. Nilikuya kusema. Osée wangu naye, balimuambia ni kulinda depo."

Liévin, aliyekuwa ameketi kando ya mlango, aliinua kichwa. "Lakini franga balituma, ao hapana?"

"Balituma. Njo tulinunua ile mabati unaona. Kisha, kimya. Rafiki yake akapiga simu: balimupeleka mbele, kwenye mabomu. Alikufa. Mwili iko wapi? Hakuna muntu anajua."

Alishika kitambaa chake cheusi. "Kwetu kilio kinaisha bakisha kuzika. Mimi sijazika. Nani atanitosha hizi nguo nyeusi mwilini? Mvua ikinyesha, nasikia ile mabati, naziba masikio."

Mama Liévin aliacha mwiko.

"Tuliuliza paka mushahara, ile tu," Mama Osée aliendelea. "Hatukuuliza kontra alisaini iko mu luga gani. Hatukuuliza kama mutoto anaweza kuacha kazi na kurudia. Hatukuuliza nani atajibu simu akipotea. Ninyi muulize, mbele Liévin hajaenda."

Liévin alimpigia palepale wakala aliyemwandikisha kazi. Aliuliza yote matatu. Wakala alicheka, kisha akakata simu.

"Mama, na kanisa je? Tulishukuru mbele ya bantu! Nikibakia hapa, nitakuwa nani?"

"Utakuwa hapa," alijibu mama yake. "Ile haya nitaibeba mimi."

Ijumaa ndege iliondoka bila Liévin. Yeye alikwenda kijijini Lukafu, kulima mahindi na mjomba wake.

Jumapili Mama Liévin alisimama tena kanisani.

"Ile shukrani nilitoa, naikamata tena, naifuta. Leo nashukuru juu mutoto wangu hakuenda. Mama Osée njo alituonyesha ya kuuliza."

Hakuna aliyepiga vigelegele. Kisha, kwenye benchi la nyuma, Mama Chola akasimama, amemshika kijana wake mkono.

"Wangu anaenda kesho," alisema. "Mama Osée iko wapi?"